Mapigo ya moyo: Taratibu si ugonjwa, kasi si sifa

SEPTEMBA 15, 2025 jijini Tokyo, Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kwa saa 2:09:48, muda uleule wa Mjerumani Amanal Petros. Ilibidi picha ya mstari wa mwisho iamue.

Ushindi kama huo unamtia mtu hamu ya kuvaa raba alfajiri, awe Singida au Dodoma. Shida inakuja pale anapotaka kasi ya bingwa huku moyo wake bado ni wa mtu wa kukaa ofisini.

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Kwa mwanariadha aliyekomaa unaweza kushuka hadi karibu 40, na wala haumwi. Mazoezi ya miaka yameuimarisha, kila pigo linasukuma damu nyingi, hivyo hauna haja ya kuhangaika.

Ila asiyefanya mazoezi akikuta 45, tena anapata kizunguzungu au anazimia, huyo asijiite mwanariadha. Aende hospitali.

Zaidi ya 100 ukiwa umekaa tu nayo ina sababu: homa, upungufu wa damu au wa maji, wasiwasi, ama hitilafu kwenye moyo wenyewe. Kwa jua la Dodoma, ukikimbia bila kunywa maji moyo utaenda mbio hata kama miguu inajivuta.

Kupima ni bure. Asubuhi kabla hujatoka kitandani, weka vidole viwili pale unapofunga saa, upande wa kidole gumba. Hesabu mapigo kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili, andika. Baada ya wiki utajua kawaida yako.

Ukiwa mazoezini, toa umri wako kwenye 220 upate makadirio ya kikomo chako. Mwenye miaka 40 anapata 180. Kwa mazoezi ya wastani abaki kati ya 90 na 126.

Maumivu ya kifua, pumzi kukata au moyo kwenda mrama? Simama hapo hapo, tafuta daktari. Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ina mabingwa wa moyo.

Simbu mwenyewe alivumilia kilomita 42 ndipo akachomoka mwishoni. Anayeanza leo ana haraka ya nini?