Biashara ya Siku 21: Vichy na Maji Yake

Katikati ya Ufaransa, ukingoni mwa mto Allier, uko mji mdogo uitwao Vichy ambao tangu zama za babu zetu unaishi kwa kuuza kitu ambacho ardhi hukitoa bure usiku na mchana, nacho ni maji ya moto yenye chumvi. Walakini mtu akiifungua hesabu ya tijara yake na kuisoma kwa utulivu, ataona kuwa maji yenyewe yalikuwa kisingizio tu, na kwamba bidhaa iliyopangiwa bei, ikalindwa kwa sheria na kutangazwa duniani, ilikuwa ni siku 21 za mgonjwa mwenye nafasi. Huo ndio muda ambao matabibu wa mji waliuweka kuwa kipimo cha tiba, na kila kilichojengwa humo, kuanzia hamamu hadi ukumbi wa opera, kilijengwa ili siku hizo zijae na mgeni asitamani kufunga mizigo yake kabla ya wakati.

Utaratibu ulikuwa hivi. Mgeni alipowasili alikwenda kwanza kwa tabibu, naye tabibu akamwandikia cheti chenye jina la chemchemi, kiasi cha maji na saa ya kunywa, kwa kuwa chemchemi za Vichy hazifanani: Chomel hutoka na joto la nyuzi 43 hivi, Grande Grille nyuzi 39, Hôpital nyuzi 34, na Célestins, iliyo kando ya mto palipokuwa na makao ya watawa wa jina hilo, hutoka ya uvuguvugu wa nyuzi 22 au karibu yake. Cheti kikiwa mkononi, alinunua bilauri yenye mistari ya kipimo, ikatiwa ndani ya kikapu kidogo chenye mkanda wa kuvaa begani, kisha alfajiri akajiunga na safu ya watu mbele ya chemchemi, ambako wanawake waliovaa sare nyeupe walimpimia kiasi kilichoandikwa wala si zaidi. Alikunywa polepole, akatembea chini ya miti, akasikiliza muziki, akangojea saa ya bilauri ya pili. Sijui mchuuzi hodari kuliko karatasi ile ya tabibu: mwenye duka humwomba mteja arudi, bali cheti kilimwamuru arudi jioni, na kesho, na keshokutwa, mpaka wiki tatu zitimie.

Ama ladha ya maji hayo, mpishi wa kwetu atiaye magadi katika maharage hataiona ngeni, maana chumvi iliyo nyingi humo ni bikaboneti ya sodiamu, jamaa ya karibu ya magadi yachotwayo katika ziwa la jina hilo kusini mwa Kenya. Lita moja ya Célestins ina madini ya namna mbalimbali yapatayo gramu 3.3, na maji ya Saint-Yorre, mji mdogo ulio jirani, yana zaidi ya gramu 4.7, ambazo 1.7 katika hizo ni sodiamu peke yake, jambo ambalo mwenye shinikizo la damu yafaa alijue kabla ya kujimiminia. Chumvi hiyo hutuliza ukali wa asidi ya tumbo, na mwenye kiungulia hupata nafuu upesi. Na nafuu hiyo ya kweli, ionekanayo saa ile ile, ndiyo iliyowafanya watu wasadiki madai mengine mazito zaidi juu ya ini, nyongo, jongo na kisukari, ambayo kuyathibitisha kulihitaji miaka na mizani ambayo mgeni hakuwa nayo.

Warumi waliyajua maji haya na waliyaogelea. Mwaka 1676 Madame de Sévigné, bibi aliyesifika kwa uandishi wa barua, alikwenda kutafuta dawa ya mikono iliyokakamaa kwa baridi yabisi. Mwaka 1785 walikuja mabinti wawili wa Mfalme Louis wa 15. Na mwaka 1812 Napoleon, akiwa njiani kuishambulia Urusi, alipata nafasi ya kutia sahihi amri ya kutengeneza bustani baina ya chemchemi, bustani ambayo ingalipo hata leo. Yote hayo ni fahari, lakini fahari haijazi hazina. Wageni walikuwa wachache, njia za magari ya farasi zilikuwa mbaya, na hapakuwa na mwenye rasilmali aliyefungwa na mkataba wa kuuendeleza mji.

Mwenye kufungwa hivyo alipatikana mwaka 1853. Chemchemi kubwa zilikuwa mali ya dola, na dola haikutaka kuziuza wala haikuwa na hamu ya kutandika vitanda vya wageni. Ikazikodisha kwa kampuni ya Lebobe na Callou, iliyokuja kujulikana baadaye kwa jina la Compagnie Fermière, kwa masharti kwamba mkodishwaji alipe ijara na afanye kazi kubwa za ujenzi kwa fedha yake. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1856, ikatoka sheria iliyoruhusu chemchemi zilizotangazwa kuwa za manufaa ya umma ziwekewe mpaka wa ulinzi, ambamo jirani hakuweza kuchimba ardhi apendavyo, asije akaukata mshipa wa maji ulio chini kwa chini. Wasomaji waliozoea kufuatilia mikataba ya migodi na bandari katika nchi zetu wataitambua sura ya mpango huo, na huenda wakauonea wivu, kwa sababu mwenye mali hakuitoa mali yake, bali aliazima mikono na mifuko ya watu huku hati ikibaki sandukuni mwake. Kasoro yake ni kwamba mji wenyewe, yaani manispaa na wenyeji wake, ulijikuta umekaa juu ya utajiri ambao funguo zake mbili zilikuwa kwingine, mmoja serikalini na mmoja kwa kampuni.

Kisha akaja mteja ambaye hakuna tangazo la kumlinganisha naye. Kuanzia mwaka 1861 Napoleon wa Tatu, aliyekuwa mtu wa maradhi, alikwenda Vichy kunywa maji, akarudi tena na tena mpaka mwaka 1866, na kila alipokwenda alifuatwa na mawaziri, majemadari, mabalozi, na wale watu wasio na cheo wala ugonjwa ila shauku ya kuonekana mahali alipo mfalme. Aliamuru barabara pana zikatwe, mto uwekewe kingo, bustani ya namna ya Kiingereza ipandwe mahali palipokuwa pakigharikishwa na maji, na nyumba za kupanga zenye roshani za mbao zijengwe kuizunguka. Reli ilifika mwaka 1862. Mwaka 1865 ikafunguliwa kazino yenye kumbi za ngoma, mchezo na kusoma magazeti, nayo haikuwa anasa ya pembeni hata kidogo: mtu anayekunywa dawa mara mbili kwa siku ana saa nyingi zisizo na kazi, na saa zisizo na kazi zikikosa mahali pa kutumika huzaa uchovu, na uchovu ukimzidi hupanda gari la moshi akarudi kwao. Kwa hiyo kampuni iliyokodi chemchemi ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa na haja ya waimbaji. Ukumbi wa opera ulifunguliwa mwaka 1901, na mwaka 1903 ukafuata jengo kubwa la hamamu lenye kuba la Kimashariki lililopambwa kwa vigae, kana kwamba mhandisi alitaka mwenye jongo ajione yuko Tunisi.

Wale waliokosa nafasi ya kwenda, mji uliwafuata kwao ndani ya chupa na kikopo. Tangu mwaka 1825 mwanakemia d'Arcet alikuwa ameonyesha jinsi chumvi ya chemchemi inavyoweza kufanywa peremende ya kusaidia mmeng'enyo, na peremende hiyo nyeupe yenye pembe nane ilisafiri kuliko mgonjwa yeyote. Chupa nazo zilipakiwa kwa maelfu, zikiwa na maandishi yanayotaja kuwa zimetoka katika chemchemi za dola, kwa sababu wenye kulitumia jina la Vichy walikuwa wengi na si wote waliokuwa na ruhusa. Mpinzani wa halali, na mwenye akili, alikuwa Nicolas Larbaud, mwuza dawa ambaye katika miaka ya 1850 alijipatia chemchemi zake huko Saint-Yorre, nje ya milki ya kampuni, akatia jina lake katika lebo na kutajirika. Mwanawe Valery, aliyezaliwa Vichy mwaka 1881, aliutumia utajiri huo kusafiri na kuandika vitabu. Hata Uhispania, katika Katalunya, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1881 iliyaita maji yake Vichy Catalan, na ingali ikiyauza.

Lakini soko ambalo lingewashangaza wengi wetu lilikuwa la watawala wa makoloni. Afisa wa Kifaransa aliyekaa miaka Senegal, Indochina au Bukini, akiwa na malaria iliyomvimbisha wengu na ini lililochoshwa na kwinini, homa na pombe kwa pamoja, aliambiwa na matabibu kuwa dawa yake ni Vichy. Likizo zilipangwa zipitie huko, hospitali ya jeshi ilikuwapo tangu katikati ya karne ya 19, na wamisionari walikuwa na nyumba yao ya kufikia. Hoteli zilijifunza kalenda za meli za Marseille. Katika baraza za mji ule gavana alikutana na karani wake wa zamani, mfanyabiashara wa Saigon akakutana na mwenye mashamba wa Algeria, wakabadilishana habari za bei ya mpira na za vyeo vitakavyokuwa wazi, hata mtu angeweza kusema kuwa sehemu ya dola ya Kifaransa ilikuwa ikiendeshwa kutoka katika viti vya chuma chini ya miti ya Vichy.

Na kwa kuwa safari ya meli kutoka Bukini ilichukua wiki kadhaa na nauli yake ilikuwa mzigo kwa hazina, ukatafutwa mji wa maji ulio karibu zaidi, ukapatikana Antsirabe, katika nyanda za juu za kisiwa hicho, yapata kilomita 170 kusini mwa Antananarivo na mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Norwe walikuwa wamekaa hapo tangu mwaka 1872. Wafaransa walijenga hamamu na hoteli, Hôtel des Thermes, wakaleta reli mwaka 1923, wakauita mji huo Vichy ya Bukini. Hoteli hiyo ilipata mgeni asiyeomba kuja: Sultani Mohammed wa Tano wa Moroko, aliyeondolewa katika kiti chake na Wafaransa Agosti 1953, alipelekwa Korsika, kisha mwanzoni mwa mwaka uliofuata akahamishiwa Antsirabe, akakaa huko pamoja na jamaa zake mpaka alipoachiliwa akarudi kwao Novemba 1955. Sasa mji huo unajulikana kwa riksho za kuvutwa na watu, vito, maziwa na kiwanda cha bia, na umefanikiwa zaidi katika hivyo kuliko katika maji.

Vichy yenyewe ililipia wingi wa vyumba vyake kwa namna ambayo hakuna mwenye hoteli aliyeipigia hesabu. Ufaransa iliposhindwa na Wajerumani mwaka 1940, serikali ilitafuta mahali penye vitanda vya kulaza wizara nzima nzima na mitambo ya simu ya kuziunganisha, ikaona hapana pafaapo kuliko hapo. Julai 10, ndani ya ukumbi wa opera, wabunge 569 dhidi ya 80 walimkabidhi Marshal Pétain madaraka yote, naye akaweka ofisi yake Hôtel du Parc. Kwa miaka minne jina lililojengwa kwa kazi ya karne nzima kuwa alama ya siha likawa jina la utawala ulioshirikiana na adui na kuwatoa Wayahudi wapelekwe mauti, na doa hilo halikutoka kwa kubadilisha lebo.

Pigo la pili lilikuwa la kimya, na kwa wenye hoteli lilikuwa zito zaidi. Algeria ilipopata uhuru mwaka 1962, miaka miwili baada ya makoloni mengi ya Afrika, ile hadhira ya maafisa wa likizo ilikwisha. Vidonge vya tumbo vilipatikana katika kila duka la dawa, na hoteli nyingi kubwa zikakatwakatwa kuwa nyumba za kupanga. Meya wa wakati huo, Pierre Coulon, hakungoja: lambo lilijengwa katika Allier, likafanya ziwa la michezo ya kupiga makasia mwaka 1963, na mwaka 1964 kikafunguliwa chuo cha kuwafundisha wageni lugha ya Kifaransa, CAVILAM, ambacho wanafunzi wake, kwa ada na kodi za vyumba wanazolipa, wamekuwa aina mpya ya wageni wa muda mrefu. Jina la mji limebaki pia katika vipodozi vya Vichy, biashara iliyoanza mwaka 1931 na ambayo sasa ni mali ya L'Oréal, na mwaka 2021 UNESCO iliuingiza mji huo pamoja na miji mingine kumi ya maji ya Ulaya katika orodha ya urithi wa dunia.

Ama zile siku 21, mlipaji wake amebadilika. Tangu mwaka 1947 bima ya jamii ya Ufaransa huzitambua tiba za maji, na mgonjwa aliyeandikiwa na daktari hupewa siku 18 za matibabu, yaani wiki tatu bila ya Jumapili, ambazo kwa kawaida bima hulipa asilimia 65 ya gharama ya hamamu. Kwa kulala na kula hujitegemea mwenyewe isipokuwa akiwa na kipato kidogo, na mstaafu wa namna hiyo hupanga chumba chenye jiko, hajui njia ya opera. Kwa sababu hiyo wenye hoteli zilizosalia wamegeukia watu wazima wa afya kutoka Paris na Lyon, ambao huuziwa birika, ukandaji na chakula chepesi kwa usiku mbili au tatu, na bei ya usiku mmoja huwekwa juu kiasi cha kufidia zile kumi na tisa zilizokosekana.