Namba ya Waya Si Kasi Yake

Swali ambalo wapiga picha za harusi wa Ifakara, Mang'ula na Mlimba hawaachi kuniuliza, na ambalo kwa hakika limekwisha kunichosha, ni hili: je, waya wa USB ulioandikwa 3.2 hauna kasi kuliko wa 3.0, hata ukastahili bei kubwa zaidi?

Dhana hiyo ni batili tangu shinani. USB 3.0 ilipotangazwa mwaka 2008 ilikuwa na uwezo wa gigabiti 5 kwa sekunde. Mwaka 2013 uwezo ule ule, pasipo kuongezwa hata chembe, ukaitwa 3.1 Gen 1, na mwaka 2017 ukabatizwa tena 3.2 Gen 1. Fauka ya hayo, jina la 3.2 limekusanya chini yake gigabiti 5, 10 na 20, kwa hiyo tarakimu hiyo peke yake haikuambii lolote, na muuzaji anayekutoza zaidi kwa ajili yake anakuuzia wino. Mnunuzi wa mchele wa Kilombero haamini maandishi ya gunia mpaka atie mkono na kuzitazama punje. Mbona kwenye waya anasadiki maandishi matupu?

Wala Type-C si kasi, bali ni umbo la kichwa. iPhone 15 ya mwaka 2023 ina tundu hilo, ilhali data yake hupita kwa megabiti 480 tu, kipimo cha USB 2.0 ya mwaka 2000. iPhone 15 Pro, yenye tundu lisilotofautika kwa macho, hufikia gigabiti 10. Aghalabu waya mwembamba unaokuja na chaja hauna kabisa zile jozi za nyuzi za kasi, na kwa waya huo picha za gigabaiti 64 haziwezi kuhama kwa chini ya dakika 17, hali gigabiti 5 zingezimudu kwa kama dakika mbili.

Basi fanya hivi: usisome toleo, soma gigabiti, kwani tangu 2022 wenye alama ya USB wenyewe wanataka ziandikwe waziwazi, 5, 10, 20, 40 au 80; kwa kuchaji, tafuta wati 60 au 240, kumbuka kwamba simu, waya na diski huenda kwa mwendo wa kilicho dhaifu, hamisha faili kubwa palepale dukani kabla ya kulipa, na muuzaji asiyeweza kukutajia gigabiti za waya wake, usimpe fedha yako.