Kumbukumbu ya A.L.I.C.E.
A.L.I.C.E., programu ya kompyuta ya kuzungumza na watu kwa maandishi, ambayo Mmarekani Richard Wallace aliianzisha mwaka 1995 na ambayo ilishinda Tuzo ya Loebner katika miaka ya 2000, 2001 na 2004, huhifadhi maarifa yake katika mafaili ya maandishi ya kawaida yanayoandikwa kwa AIML, lugha ya alama iliyobuniwa kwa kazi hiyo. Kila kipande cha maarifa kina ruwaza, yaani umbo la sentensi inayotarajiwa kutoka kwa mtumiaji, pamoja na jibu lake. Kwa hiyo anayetaka kuifundisha kwamba mji mkuu wa Australia ni Canberra hufungua faili, huongeza swali na jibu, kisha huipakia programu upya. Kinyota ndani ya ruwaza hushika nafasi ya neno moja au zaidi, jambo linalompunguzia mwandishi kazi, ingawa haliipi programu uwezo wowote wa kufikiri. Akikosea, kosa hurudiwa kwa kila anayeuliza. Hata hivyo huonekana, na hufutwa kwa kurekebisha mstari mmoja, tofauti na modeli kubwa za lugha za leo, ambazo maarifa yake yametawanyika katika mabilioni ya namba zisizosomeka kwa macho ya binadamu.