Je, Wajua? Ndege ya Mtumba kwenye Mwambao wa Tanganyika

Je, wajua kwamba ndege za kwanza kuruka juu ya Ziwa Tanganyika zilifika zikiwa zimeshapita mikononi mwa mwenyewe mwingine? Ilikuwa mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza. Jeshi la majini la Uingereza liliwakabidhi Wabelgiji ndege nne aina ya Short 827, zenye maboya badala ya magurudumu. Zilipakiwa zikiwa vipande, zikaenda kwa meli hadi mlango wa Mto Kongo, kisha kwa treni na vyombo vya mtoni mpaka ng'ambo ya Kigoma, na huko zikaunganishwa upya. Mwezi Juni rubani Aimé Behaeghe akavuka ziwa na kuishambulia bandari ya Kigoma, akiitafuta meli ya Kijerumani Graf von Götzen. Meli hiyo Wajerumani wenyewe waliizamisha tarehe 26 Julai. Ikaibuliwa mwaka 1924, na tangu 1927 tunaijua kwa jina la Liemba. Behaeghe hakurudi kwao. Alifariki Kongo mwezi Desemba mwaka uleule wa 1916.

Tangu siku zile swali halijabadilika kwa mtu wa mwambao huu anayetaka ndege ndogo, awe mwenye kambi ya watalii, hospitali ya misheni au mfanyabiashara: inafikaje hapa, na ikishafika itaishi kwa nini? Bei ya kununulia ni sehemu ndogo ya jibu.

Je, wajua kwamba kiwanda cha Cessna kiliacha kuunda modeli ya 206, ile inayobeba watu sita na kutua kwenye nyasi, mwaka 1986, na kuanza tena 1998? Kwa hiyo ukioneshwa 206 "ya zamani lakini safi", ujue ina miaka 40 hivi au zaidi. Umri peke yake haumtishi fundi. Bati la ndege lililotunzwa huishi muda mrefu, na Cessna imetoa utaratibu wa ukaguzi wa ziada kwa ndege hizi za zamani, unaolenga maungio ya mabawa, nguzo zake na sehemu zinazoshika kutu kwa siri. Muulize muuzaji kama ukaguzi huo umefanyika, nani aliufanya, na umeandikwa wapi. Akisita, una haki ya kusita zaidi yake.

Je, wajua kwamba injini iliyoruka saa chache inaweza kuwa mbaya kuliko iliyofanya kazi kila wiki? Madalali hupenda kutaja saa: "Imetumika saa 400 tu tangu ifunguliwe." Sawa, lakini saa hizo 400 zimeruka ndani ya miaka mingapi? Watengenezaji wakubwa wa injini hizi, Lycoming na Continental, wanapendekeza ifunguliwe na kufanyiwa matengenezo makubwa baada ya miaka 12 hata kama saa zake hazijaisha. Injini inayolala hukaukiwa na oili, unyevu ukaingia, kutu ikaanza. Kwenye Lycoming mtaimbo unaosukuma vali umekaa juu, oili yote hushuka ikauacha mkavu, na hapo ndipo kutu huanzia. Fundi mwenye kamera ndogo ya kuingiza ndani ya silinda ataona kwa dakika chache kile ambacho rangi mpya ya nje imekificha. Mlipe fundi huyo wewe, na asiwe yule anayeitunza ndege ya muuzaji.

Je, wajua kwamba 206 ikitoka Dar es Salaam na matangi yaliyojaa itafika Kigoma, lakini haitarudi? Hapa ndipo ndoto nyingi zinapoanguka, kwa hiyo tupige hesabu taratibu. Kutoka Dar hadi Kigoma kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 1,070. Ndege hii ikienda kilomita 250 kwa saa, itakaa hewani zaidi ya saa nne. Inakunywa kama lita 60 kwa saa, yaani zaidi ya lita 250 kwa safari. Matangi ya modeli za mwisho kabla ya 1986 hutoa lita 330 hivi za kutumia. Unagusa ardhi Kigoma ukiwa umebakiwa na lita 70 au 80. Hizo hazikufikishi hata Tabora ukiwa na akiba ya usalama.

Na mafuta yenyewe si ya kituo chochote. Injini ya pistoni ya 206 hutumia petroli ya ndege, avgas, na sehemu nyingi za bara la Afrika avgas ni adimu kuliko Jet A-1, ambayo ni jamaa ya mafuta ya taa na ndiyo inayonyweshwa ndege kubwa za abiria. Kabla ya kuuliza bei ya ndege, uliza avgas itatoka wapi, itafika Kigoma kwa treni au lori, pipa la lita 200 litakugharimu kiasi gani, na nani atalihifadhi kwa usalama. Ukikosa majibu hayo, ndege nzuri kuliko zote itakaa kivulini.

Hii ndiyo sababu moja kubwa ya Cessna Caravan kupendwa porini. Iliruka mara ya kwanza tarehe 9 Desemba 1982, ina injini moja ya tabini aina ya PT6 kutoka Canada, na inatumia Jet A-1. Bei yake iko mbali sana juu ya ile ya 206, na matengenezo ya injini yake yanaweza kumfilisi asiyejipanga. Lakini mafuta yake yanapatikana.

Je, wajua kwamba avgas ya kawaida ina rangi ya bluu, na Jet A-1 haina rangi au ina manjano hafifu? Rangi hiyo imewekwa kwa makusudi ili kuokoa maisha. Ukiweka Jet A-1 kwenye injini ya pistoni, inaweza kuwaka vizuri kwa masalia ya avgas yaliyomo kwenye mabomba, ikatembea hadi mwisho wa uwanja, ikaruka, kisha ikazimika. Chota mafuta kidogo kwenye chupa angavu uyatazame kabla ya kila safari. Chupa hiyohiyo itakuonesha na maji. Ndege ikilala kando ya ziwa na matangi nusu, hewa yenye unyevu huingia na kugeuka matone, nayo maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini kabisa. 206 za zamani nyingi zina matangi ya mpira ndani ya bawa. Mpira ukikunjamana, maji hujificha kwenye mikunjo na kutoka ukiwa hewani. Kwenye ukaguzi wa kununua, agiza matangi yafunguliwe na kutazamwa.

Je, wajua kwamba mchana wa joto Kigoma "hupanda" bila kusogea? Uwanja wa ndege wa Kigoma upo kama futi 2,700 juu ya usawa wa bahari. Joto likifika nyuzi 30, hewa hupungua uzito, na kwa kanuni wanayofundishwa marubani ndege inajihisi iko zaidi ya futi 5,100. Injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 15 ya nguvu zake, bawa nalo linahitaji mwendo zaidi kuinuka, na njia ya kurukia inakuwa fupi ingawa hakuna aliyeikata. Short 827 za mwaka 1916, zenye injini za nguvu za farasi 150 hivi, zilipambana na hewa hiihii. Uwanja wa Kigoma una lami na unapokea ndege za Air Tanzania zenye mapanga, hapo nafasi ipo. Kwenye viwanja vya udongo kusini mwa mwambao, hesabu ya uzito ndiyo roho ya rubani.

Je, wajua uzito huo ni kiasi gani? 206 inaruhusiwa kuruka na kilo 1,633 zote kwa pamoja. Ondoa ndege yenyewe, ambayo ikiwa na vifaa vyake inakaribia tani moja. Ondoa matangi yaliyojaa, kilo 240. Zinabaki kilo 400 hivi, rubani akiwemo. Viti ni sita, lakini ukivijaza vyote watu wazima na mizigo, lazima upunguze mafuta, na tumeshaona maana ya kupunguza mafuta Kigoma.

Je, wajua kwamba mlango wa nyuma wa 206 unaweza kuzuiwa na bawa lake lenyewe? Hili nalitaja kwa uzito, kwa sababu ndege itakayonunuliwa kwa ajili ya Tanganyika itaruka juu ya maji. 206 ina mlango mmoja mbele, wa rubani, upande wa kushoto. Abiria wa nyuma hutumia mlango mpana wa mizigo upande wa kulia, wenye vipande viwili. Vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua vikiwa chini, kipande cha mbele cha mlango huo hakifunguki sawasawa. Ndege ikiangukia majini, abiria wa nyuma wanaweza kunaswa, na duniani wapo waliokufa hivyo. Uliza kama ndege unayoitaka imefanyiwa marekebisho ya mlango. Kila abiria aoneshwe kwa mkono wake namna ya kutoka kabla injini haijawashwa. Na jaketi la kuokolea livaliwe, lisiwekwe chini ya kiti.

Je, wajua ni kimo gani kinachokuwezesha kuvuka ziwa kwa injini moja? Tanganyika lina upana wa wastani wa kilomita 50. Injini ikizimika katikati, unahitaji kuelea kilomita 25 kufika ufukweni. 206 huelea chini ya kilomita 3 kwa kila futi 1,000 inazoshuka. Kwa hiyo unahitaji futi 9,000 juu ya maji, na maji yenyewe yapo zaidi ya futi 2,500 juu ya bahari: jumla futi 11,500. Chini ya hapo, kuna sehemu ya safari ambayo injini ikizimika utatua kwenye ziwa lenye kina kinachofika mita 1,470. Marubani wengi hufuata ufuko. Wanafanya vyema.

Je, wajua kwamba hata ukiwa na ndege, Gombe utaenda kwa boti? Hifadhi hiyo ndogo, maarufu tangu mtafiti wa sokwe Jane Goodall alipofika mwaka 1960, haina kiwanja cha ndege. Kwenye hifadhi ya Mahale kuna kiwanja cha udongo karibu na ziwa, lakini ukishashuka bado kuna boti hadi kwenye kambi zilizo chini ya mlima Nkungwe. Mwenye kambi anayenunua ndege aweke fungu la boti pembeni.

   

Je, wajua kwamba ndege haiwezi kuwa raia wa nchi mbili? Kifungu cha 18 cha Mkataba wa Chicago wa 1944 kinakataza. Ndege yenye herufi 5Y ni ya Kenya, 5X ya Uganda, 9Q ya Kongo, 9U ya Burundi. Ili iandikwe 5H, yaani ya Tanzania, lazima kwanza ifutwe kule ilikotoka, na ufutwaji huo uthibitishwe kwa maandishi. Ndege iliyolipwa yote huku daftari la nchi nyingine bado linaishikilia inaweza kukulaza njaa. Huku kwetu daftari liko kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA.

Na madeni je? Agosti 2019 ndege mpya ya Air Tanzania, Airbus A220, ilizuiwa Johannesburg kwa amri ya mahakama kutokana na dai la fidia dhidi ya serikali, ikaachiwa mwanzoni mwa Septemba. Ndege ilikuwa nzima. Dai lilikuwa dhidi ya mwenyewe. Kwa ndege kubwa kidogo, tangu 2006 kuna daftari la kimataifa la rehani huko Dublin, lililoanzishwa chini ya Mkataba wa Cape Town wa 2001, ambao Tanzania na Kenya zimejiunga nao. Lakini mkataba huo unahusu ndege za kubeba watu wanane au zaidi pamoja na wahudumu, au mzigo unaozidi kilo 2,750. Caravan imo. 206 haimo, kwa hiyo deni lake utalitafuta nchi kwa nchi.

Basi ndugu msomaji, kabla ya kutoa hata kishika uchumba, omba vitabu vyote vya kumbukumbu za ndege, vya mwili, injini na mapanga, tangu siku ilipotoka kiwandani. Vipeleke kwa fundi mwenye leseni asiyemjua muuzaji, kisha uende TCAA na namba ya ndege mkononi. Kitabu kimoja kikikosekana na muuzaji akisema kilipotea wakati wa kuhama, funga mazungumzo utafute ndege nyingine.