Kusi likivuma, wavuvi wa burudani hubaki ndani ya mwamba

MIEZI ya Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi ambayo familia nyingi za mijini hupata nafasi ya kwenda pwani. Shule zimefungwa, joto la Februari limesahaulika na jioni ufukweni huhitaji shuka. Lakini anayefika huko akiwa na hamu ya kwenda baharini kuvua, mara nyingi hupewa jibu asilolitarajia: boti kubwa za kuvulia samaki wa kina kirefu zimepandishwa nchi kavu, zinapigwa rangi na kutengenezwa injini.

Katika vituo vinavyojulikana kwa uvuvi huo nchini Kenya, yaani Malindi, Watamu na Shimoni, msimu mkubwa huanza karibu na Agosti au Septemba na kuendelea hadi Machi au Aprili. Katikati ya hapo bahari ya nje huachiwa wenyewe, na wenyewe ni upepo wa kusi.

Hata hivyo, uvuvi haufi. Huhama. Kazi huingia ndani ya mwamba wa matumbawe, kwenye hori zenye mikoko, kwenye midomo ya mito na nyuma ya visiwa, na anayeiongoza si nahodha wa boti yenye injini mbili kubwa bali, mara nyingi, mvuvi wa kijijini mwenye chombo kidogo. Uvuvi huu wa kuongozwa una utaratibu wake, una hatari zake, na unagusa riziki ya watu ambao mgeni huenda asiwaone.

Upepo na mkondo

Kusi huanza kushika baada ya masika, likawa na nguvu zaidi kati ya Mei na Agosti, kisha hulegea kuelekea Oktoba. Huvuma kutoka kusini-mashariki na kupiga moja kwa moja pwani zote zinazotazama bahari kuu. Wakati huohuo mkondo wa bahari wa Afrika Mashariki, ambao huelekea kaskazini mwaka mzima, huongezewa kasi na upepo huo na unaweza kufikia maili 4 za baharini kwa saa. Mashua ndogo ikipoteza injini nje ya mwamba katika hali hiyo, haikai mahali ilipo kungoja msaada.

Wakazi wa Dar es Salaam na Zanzibar hawahitaji kukumbushwa sana. Tarehe 18 Julai 2012 meli ya MV Skagit, iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar, ilipinduka na kuzama karibu na kisiwa cha Chumbe bahari ikiwa imechafuka. Zaidi ya watu 100 walikufa au hawakuonekana tena. Ilikuwa meli ya abiria, si mtumbwi wa mvuvi.

Ndiyo maana tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, zinazotaja upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2, zinapaswa kusomwa na anayekwenda kuvua kwa burudani kama anavyozisoma nahodha wa meli.

Maji nayo hupoa, ingawa kwa kiasi. Bahari ambayo mwezi Machi hufikia nyuzi joto 29 au 30 za Selsiasi hushuka hadi karibu nyuzi 25 mwezi Agosti. Kwa samaki wa pwani yetu hilo ni badiliko la kawaida, wala si janga. Katika jimbo la Florida nchini Marekani, ambako uvuvi wa kuongozwa katika maji ya ndani ni biashara kubwa, baridi ya Januari 2010 iliua samaki wengi wa mwambao, na mamlaka za huko zikalazimika kusimamisha uvunaji wa samaki maarufu aitwaye snook. Huku kwetu kinachomfukuza samaki mahali katika miezi hii kwa kawaida si baridi. Ni tope na mawimbi.

Mwezi Mei mito ya Sabaki, Pangani na Rufiji bado humwaga maji mekundu ya masika, na samaki wanaowinda kwa macho husogea mbali na tope hilo. Kufikia Julai maji ya hori nyingi huwa yameanza kusafika. Mwongozaji mzuri hutazama rangi ya maji kabla hajashusha nanga, na asiporidhika huhama.

Saa ya maji

Jambo ambalo mtu wa mjini hulielewa kwa shida zaidi ni kwamba safari hii haipangwi kwa saa ya ukutani. Hupangwa kwa maji.

Pwani yetu hupata maji kujaa mara 2 na kupwa mara 2 kila siku, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Siku chache baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu huwa bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, tofauti ikizidi mita 3 katika sehemu nyingi za pwani. Baina ya bamvua mbili huja maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo na mkondo ni mpole.

Sasa tazama linalofuata. Katika pwani ya kuanzia Dar es Salaam hadi Mombasa, siku za bamvua maji hujaa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri, nayo hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi. Ndiyo saa ambayo wanawake huonekana wametawanyika kwenye mwamba wakitafuta pweza na chaza. Mgeni aliyekubaliana na nahodha waondoke saa 3 asubuhi baada ya chai, siku ya bamvua, atafika kwenye hori na kukuta matope na kaa. Siku za maji mafu mambo hugeuka, kwani maji hujaa katikati ya asubuhi.

Samaki hufuata utaratibu huohuo. Maji yanapopanda huingia kati ya mizizi ya mikoko, na samaki wadogo pamoja na kamba huingia nayo kujificha na kula. Yanapoanza kutoka, wote hulazimika kurudi kwenye mkondo mkuu kupitia vijito vyembamba. Kolekole na mzia wanalijua hilo. Husubiri pale kijito kinapomwaga, na pale ndipo mwongozaji humweka mgeni wake, mbali kidogo, chombo kikiwa kimetulia kwa nanga na chambo kikiteremka na maji kama kitu kilichopotea njia.

Saa 2 za kwanza za maji kutoka ndizo zinazopendwa na wengi. Lakini hapo pia ndipo hatari ilipo, hasa kwenye milango ya hori zinazotazama bahari kuu kama za Kilifi na Mtwapa. Maji yanayotoka kwa kasi yakikutana na kusi linaloingia, mawimbi husimama wima na kufupika. Chombo kidogo hakipaswi kuwapo hapo, hata kama samaki wanarukaruka mbele ya macho. Nahodha anayemkatalia mgeni mwenye fedha mkononi katika saa hiyo ndiye anayefaa kuajiriwa tena.

Aidha, kusi kwa kawaida huwa pole alfajiri na hupata nguvu jua linapopanda. Kwa hiyo siku inayostahili kuchaguliwa ni ile ambayo maji mazuri na asubuhi yenye upepo mdogo vinakutana. Mwandishi huyu angechagua siku za maji mafu na kuwaachia wajuzi bamvua. Ramani ikiruhusu, mtu atafute upande uliofichika: magharibi ya Unguja na Pemba, ghuba ya Chole kule Mafia, au ndani kabisa ya hori.

Vifaa na samaki

Vifaa havihitaji gharama kubwa. Fimbo nyepesi yenye kigurudumu cha kukunjia uzi inatosha, na waongozaji wengi wa vijijini huvua kwa mshipi wa mkono, ndoana na chubwi tu, wakampita mgeni mwenye vifaa vya kung'aa. Chambo ni kamba, vipande vya ngisi au samaki wadogo. Kwa mzia, mwenye meno kama kisu, kipande cha waya huwekwa juu ya ndoana.

Anayevuliwa ni nani? Kolekole wachanga na wa umri wa kati, mzia, chewa, changu, na samaki wekundu wa mikokoni ambao ukubwani huhamia kwenye miamba ya nje. Tasi hupatikana pia na ni mtamu, ila miiba yake ina sumu inayouma vibaya, basi mwachie nahodha amtoe kwenye ndoana. Anayeshuka kutembea kwenye fungu la mchanga avae viatu na aburute miguu badala ya kuinyanyua, ili taa aliyelala mchangani ashtuke na kuondoka kabla hajakanyagwa.

Chungu kimoja

Hapa ndipo suala linapokuwa zito kuliko burudani. Upepo unaomfungia mgeni ndani ya mwamba humfungia pia mvuvi wa ngalawa. Miezi ya kusi ni miezi ya samaki haba kwa vijiji vingi vya pwani, kwa kuwa vyombo vidogo haviwezi kutoka na kila mtu hurudi kwenye eneo lilelile la maji ya ndani. Mgeni anayekuja kujifurahisha Julai anapakua kutoka kwenye chungu ambacho wenyeji wanakitegemea kwa mboga ya jioni.

Na chungu hicho ndicho kitalu. Kolekole mkubwa, yule ambaye rekodi yake ya dunia ni kilo 72.8 aliyevuliwa Japani mwaka 2006, hufikia umri wa kuzaa akiwa na urefu wa takriban sentimita 60. Wengi wanaokamatwa katika hori hawajafika hapo. Chewa wana jambo jingine: aina nyingi huanza maisha zikiwa majike na kugeuka madume zikishakuwa kubwa. Kumtoa chewa mkubwa kuliko wote kwenye mwamba mmoja huenda ni kumtoa dume pekee aliyebaki hapo.

Kwa sababu hiyo waongozaji walio makini humtaka mgeni arudishe majini kolekole na chewa, na hubana kijino cha ndoana kwa koleo ili itoke kwa urahisi. Mikono hulowanishwa kabla ya kumshika samaki, picha hupigwa upesi, basi. Samaki wachache wa chakula wanaobakizwa, mara nyingi changu au tasi, ni desturi nzuri kumwachia nahodha apeleke kwake. Kwa malipo ya nusu siku pamoja na kitoweo, nahodha huyo anaweza kupata zaidi ya ambacho angekipata kwa kutega wavu usiochagua kati ya mikoko. Hesabu hiyo ndiyo inayoweza kumfanya awe mlinzi wa hori.

Kuna mtego wa kisheria pia, na maneno ndiyo huupalilia. Nchini Kenya, ndani ya hifadhi za bahari kama Watamu na Malindi, zilizoanzishwa mwaka 1968, hairuhusiwi kuvua kabisa. Katika maeneo ya akiba yanayozizunguka, kama ilivyo hori ya Mida, uvuvi wa jadi unakubaliwa. Nchini Tanzania ni karibu kinyume chake. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, imegawanywa katika kanda, na katika baadhi ya kanda wakazi huvua kwa masharti. Lakini maeneo tengefu, yakiwamo Bongoyo na Mbudya karibu na Dar es Salaam, ni ya kutazama samaki, si kuwavua. Mtu aliyezoea kanuni za upande mmoja wa mpaka anaweza kuvunja sheria ya upande wa pili bila kujua.

Kwa hiyo kabla ya kulipa chochote, mwulize nahodha leseni yake na ya chombo, aonyeshe mipaka ya eneo atakalokupeleka, na uyaone maboya ya kujiokolea kwa idadi ya watu mtakaopanda, watoto wakiwamo. Muulize pia maji yatajaa saa ngapi siku hiyo. Anayefanya kazi hii kweli hujibu bila kutazama simu.

Mkubaliane mapema kuhusu malipo ya awali endapo upepo utazuia safari. Katika miezi hii uwezekano huo si mdogo, na utaratibu unaofaa pande zote ni kuahirisha hadi siku nyingine ya juma hilohilo badala ya kurudishiana fedha. Anayekwenda pwani kwa siku 2 tu mwezi Julai afahamu kwamba huenda akarudi bila kuvua. Mwenye siku 5 au 6, zikiangukia maji mafu, kwa kawaida hupata asubuhi 2 au 3 zinazofaa.