Siku tatu Las Vegas: kwa ile michezo, nani anashindaka?

Wandugu wa mine, na ninyi wamama wenye munapangaka makuta ya mwisho wa mwezi, tangu tulirudi munatuuliza: "Mulienda Marekani, mulituletea nini?" Tunajibu. Katika mwezi wa Septemba 2024 tulikuwa delege wane wa sindika katika muji wa Las Vegas, kwenye maonyesho makubwa ya mashini za mine yenye kuitwa MINExpo. Kuanzia tarehe 24 mupaka 26 tulitembea kati ya makamiyo yenye gurudumu moja inapita urefu wa mutu. Ile ya mashini tulisha kuieleza kwenye mukutano. Lakini kisha maonyesho tulibakia na siku tatu mbele ya ndege ya kurudi, na wenyeji wetu wakatuambia: "Sasa pumuzikeni." Kwa wengi kati yetu ilikuwa konje ya kwanza kwa miaka mingi. Leo tunazungumuza juu ya ile konje, kwa sababu hata kwa kupumuzika mutu wa sindika anajifunza.

Muji katikati ya jangwa

Las Vegas iko katika jimbo la Nevada, ndani ya jangwa la Mojave. Mvua ya mwaka muzima haifiki sentimeta 11. Kwetu Lubumbashi mwezi moja tu wa mvua nyingi unapita ile. Karibu asilimia 90 ya maji ya kunywa yanatoka katika muto Colorado. Jua la Septemba lilituchoma kuliko jua letu la Oktoba. Muji ulianza mwaka 1905, wakati kampuni ya reli iliuzisha viwanja kwa mnada pale mchangani. Leo watu karibu milioni 40 wanaenda kule kila mwaka kutembea na kucheza feza.

Njia kubwa ya mahoteli inaitwa Strip, urefu wake karibu kilometa 7. Ukitembea pale unaona piramidi ya kioo, unaona munara wa Eiffel wenye urefu wa nusu ya ule wa Paris, unaona mifereji yenye mashua ndani ya nyumba. Hoteli moja tu, MGM Grand, ina vyumba zaidi ya 5.000. Ni kama umetwaa kambi nzima ya wafanyakazi, ukapanga nyumba zote moja juu ya ingine.

Kila kitu ni bei kali. Maji ya chupa tulikuwa tunanunua mbali na Strip, kwa duka ya kawaida, tunabeba kwa mufuko. Lakini kuko furaha yenye hailipishwe. Mbele ya hoteli Bellagio kuko ziwa yenye maji yanarukishwa juu kwa muziki, mengine mupaka mita 140, na kila mutu anasimama pembeni ya njia anaangalia bule. Tulienda kila magaribi. Bibi ya mwenzetu moja, wakati aliona ile kwa telefone, akauliza: "Na robine ya kwetu, ile maji itafika lini?" Tulicheka, lakini aliuliza vizuri.

Hesabu ya gurudumu

Sasa tuingie ndani. Katika hoteli nyingi huwezi kufika kwa chumba chako bila kupita katikati ya kasino. Kwenye tulipita hakukuwa saa kwa ukuta, wala dirisha. Mutu hajue kama ni muchana ao usiku. Tuliona wazee wamekaa mbele ya mashini, wanafinya, wanafinya, uso wao umechoka kama mutu mwenye anatoka poste ya usiku.

Sisi hatukucheza. Tulisimama nyuma ya meza ya ruleti, na mwenzetu mwenye anatunza feza ya sindika akatosha kalamu. Musikie vizuri ile hesabu. Gurudumu ya kule iko na vyumba 38: namba 1 mupaka 36, kisha sifuri moja, kisha sifuri mbili. Tuseme unaweka dola 1 kwa kila chumba. Umetosha dola 38. Lazima chumba kimoja kishinde. Wanakurudishia dola yako, wanaongeza 35 juu yake: inakuwa 36. Dola 2 zimebakia kwa mwenye nyumba.

Hakuna wizi pale. Hakuna mutu amekuloga. Ni zile dola 2 kwa 38, zaidi ya asilimia 5, kila wakati gurudumu inazunguka. Mutu moja anaweza kushinda leo, ni kweli. Tuliona kijana moja anaruka juu, anapiga makelele ya furaha. Lakini mwenye nyumba hachezi na kijana moja. Anacheza na watu wote, muchana na usiku, mwaka muzima, na kwa watu wote pamoja hesabu yake haikosake.

Tunasema hii juu ya nini? Juu kasino haiko mbali na sisi. Kila mwisho wa mwezi, Kolwezi, Likasi, Lubumbashi, vijana wetu wanapanga mustari kwenye kibanda cha pari ya mupira. Ile karatasi iko na hesabu ile ile. Mwenye kupanga bei ya pari alisha kukata sehemu yake mbele ya mupira kuanza. Wamama munajua kuliko sisi namna ile karatasi inakulaka feza ya shule na ya dawa. Hatuko hapa kwa kutukana mutu. Kijana anacheza kwa sababu anaona mushahara hautoshi na hakuna njia ingine. Basi tuangalie kama kuko njia ingine.

Feza ya watu wa tineli

Siku ya pili tulienda kuona barage inaitwa Hoover, kwa muto Colorado, chini ya saa moja ya gari kutoka Las Vegas. Kijana moja wa Uvira mwenye anaendesha taksi kule alitupeleka. Alituita "wababa" safari yote, na alikatala feza ya kurudia.

Ile barage ina urefu wa mita 221. Kazi ilianza mwaka 1931, wakati Marekani ilikuwa na njaa kubwa ya kazi. Mbele ya kujenga, walipaswa kugeuza muto, basi walitoboa tineli ine ndani ya mulima, kila moja na upana wa mita 17. Ni kazi yetu sisi: kutoboa, baruti, kutosha mawe. Sheria ya mine ya Nevada ilikataza motere za esanse chini ya udongo. Kampuni zenye kujenga zilienda kwa tribinali, na makamiyo yakaendelea kuingia ndani ya tineli na moshi wake. Watu walianguka. Wengi wenye walikufa na ugonjwa wa kifua, waliandikwa tu "nimonia". Hesabu ya serikali inasema watu 96 walikufa kwa kazi ya barage. Wale wa nimonia hawamo. Mutu wa mine anaelewa ile bila kuelezwa.

Katika mwezi wa Agosti 1931 kampuni ilishusha mushahara wa watu fulani wa tineli, kutoka dola 5 mupaka 4 kwa siku. Wafanyakazi wakasimamisha kazi. Lakini hawakukuwa na sindika yenye kukubaliwa wala sanduku ya kuwalisha, na kwa mulango watu wengi wasio na kazi walikuwa wanangojea nafasi yao. Kampuni ilifukuza wote, kisha ikarudisha wenye ilitaka. Kwa siku chache tu greve ikakufa, na mushahara ukabakia chini.

Katika mwaka ule ule, tarehe 19 Machi 1931, Nevada ilikuwa imeruhusu kasino. Serikali ilijenga muji wa wafanyakazi, Boulder City, na ikakataza michezo ya feza ndani yake. Hata leo hakuna kasino pale. Basi siku ya mushahara, watu wa tineli walipanda gari, wakaenda Las Vegas. Ile feza yao ilisaidia kulisha kasino za kwanza. Wandugu, muione vizuri: mushahara ulishushwa kwa kazi, na yenye ilibakia ikaachwa kwa meza ya karata.

Wenye walishinda

Siku ya tatu njo tuliona washindi. Mama mwenye alikuwa anasafisha vyumba vyetu, mutu wa Ethiopia, alikuwa na bage ya sindika kwa nguo yake ya kazi. Tulimuonyesha yetu. Akacheka, akaita mwenzake. Kijana wa Uvira alikuwa anatugeuzia maneno.

Sindika yao inaitwa Culinary, lokale 226. Iko na wanachama karibu 60.000: wapishi, wasafishaji wa vyumba, watumishi wa meza. Wametoka inchi nyingi sana na wanasema luga zaidi ya 40. Katika mwaka 1990 walichagua kuwa prezida Hattie Canty, mama mweusi, mujane, muzazi wa watoto kumi, mwenye alikuwa anasafisha vyumba vya hoteli. Mwaka wenye kufuata, tarehe 21 Septemba 1991, wafanyakazi 550 wa hoteli Frontier walianza greve. Walisimama mbele ya mulango muchana na usiku, katika jua ya jangwa. Ilidumu miaka 6, miezi 4 na siku 10. Katika wale 550, hata moja hakurudia kazi nyuma ya wenzake. Sindika iliwapa posho kila juma, na wenzao wa hoteli zingine walisimama pamoja nao. Mwanzo wa 1998 hoteli iliuzishwa, mwenye kununua akatia saini, nao wakaingia kazini kwa mulango wa mbele.

Na katika 2023 walifanya akili ingine. Kontra za kampuni tatu kubwa, zenye wafanyakazi karibu 35.000, ziliisha karibu pamoja. Asilimia 95 ya wenye walipiga kura walikubali greve. Katika Novemba, mbele kidogo ya saa ya mwisho, kampuni zote tatu zilitia saini, bila hata siku moja ya greve. Sindika ilitangaza kwamba mishahara itapanda asilimia 32 kwa miaka mitano, na kazi ya wamama wa vyumba ikapunguzwa.

Hatusemi kule ni paradizo. Katika 2020, wakati Covid ilifunga kasino, karibu wanachama wao wote walipoteza kazi, na mama yule alituambia nyumba ya kupangisha inakula nusu ya mushahara wake. Lakini katika muji wenye kila ukuta unaita mutu ajaribu bahati, yeye mushahara wake umeandikwa kwa karatasi, na anajua tarehe yenye utapanda.

Ya kufanya kwetu

Kwetu, kwa mine moja, kuko wenye walitwaliwa na kampuni yenyewe, na kuko wenye walitwaliwa na kampuni ndogo tano ao sita zenye zinaazimisha watu. Wote wanavaa bote moja, wanakula vumbi moja. Lakini kila kikundi kiko na kontra yake na tarehe yake ya mwisho. Vile njo wanatupiga moja moja. Kwa hiyo tunaleta mambo mawili mbele ya mukutano.

La kwanza: delege wa kila kampuni alete tarehe ya mwisho wa kontra ya watu wake. Tuziandike zote kwa karatasi moja, na kila mara tunajadiliana na patro, tuombe zisogezwe zikutane.

La pili: sanduku ya kusaidiana. Tuseme kila mutu anatosha franka 2.000 kwa juma, bei ya karatasi ndogo ya pari. Watu 500 wanaweka milioni moja kwa juma, milioni 52 kwa mwaka. Hakuna sifuri mbili kwa ile hesabu. Tunaomba funguo za sanduku zikamatwe na watu watatu, na moja kati yao awe mama mwenye bwana yake anafanya kazi chini ya udongo, juu wamama wanajua kutunza. Kila miezi mitatu hesabu ibandikwe kwa ukuta, kila mutu asome.

Mukutano utakuwa kisha poste ya asubui, siku ya mushahara, mbele ya vibanda vya pari kufunguliwa. Wababa, mukuje na bibi zenu.