Mtoto Mgonjwa na Ushauri wa Kwenye Simu

   Leo tutazungumza juu ya ushauri wa afya unaoingia kwenye simu zetu usiku na mchana, kupitia WhatsApp, Facebook na TikTok. Ushauri huu umebadilisha namna tunavyowatunza watoto wanapougua. Mahali pengine umesaidia. Mahali pengine umechelewesha watoto kufika hospitali, na hapo ndipo tutakapokaa zaidi.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Zamani mtoto akilia usiku kucha, majirani walisikia. Asubuhi mama mzee wa karibu alipiga hodi, akampakata mtoto, akamgusa paji la uso, akamtazama macho na ulimi, akauliza, "Amenyonya? Amekojoa lini?" Ndipo akatoa ushauri wake.

Si kwamba wazee hawakukosea. Wako waliokamua maziwa ya kwanza ya manjano na kuyamwaga wakisema ni machafu, kumbe ndiyo yenye kinga kubwa kwa mtoto mchanga. Wako waliopasua ufizi wa mtoto anayeharisha ili kutoa "meno ya nailoni", na mtoto akavuja damu na kupata maambukizi. Yale hayakuwa ugonjwa, yalikuwa meno ya kawaida ambayo wakati wake wa kutokeza haujafika. Lakini mzee huyo, hata alipokosea, alikuwa amemwona mtoto kwa macho yake. Na hali ikizidi, mara nyingi ni yeye aliyesema, "Mbebeni, twendeni hospitali."

Mambo yalianza kubadilika haraka mwaka wa 2009, nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari zilipofika Mombasa. WhatsApp nayo ilianzishwa mwaka huo huo. Baadaye zikaja simu za bei nafuu na bando za shilingi chache. Leo mama aliye Kitui yuko kwenye kikundi kimoja na dada zake walio Nairobi, Dammam na Boston. Kuna kikundi cha ukoo, cha chama, cha kanisa au msikiti, cha wazazi wa shule. Mtu ana vikundi 10 kwenye simu, na hajui jina la mama anayeishi mlango wa pili katika ploti yao.

Sasa tuseme ni saa tatu usiku. Mtoto wako wa miezi 8 ameharisha mara 6 tangu adhuhuri, na mwili una joto. Unaandika kwenye kikundi: "Jamani, mtoto anaharisha, nifanye nini?" Hata dakika 5 hazijaisha, majibu yameingia. Mmoja anasema mpe soda iliyotolewa gesi, utie na chumvi kidogo. Mwingine anasema asali na ndimu. Wa tatu anakutumia video ya mtu aliyevaa koti jeupe, anayesema ukate kitunguu, ukiweke kwenye nyayo za mtoto na kumvika soksi, kitavuta homa yote hadi asubuhi. Wa nne anakutajia dawa ya kufunga tumbo aliyompa mtoto wake. Wote wanakupenda na wanakutakia mema. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama mtoto ananyonya.

Tuyaangalie majibu hayo. Soda ina sukari nyingi mno, na sukari hiyo huvuta maji ya mwili kuyaingiza kwenye utumbo, hivyo kuhara huweza kuzidi. Asali asipewe kabisa mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1, hata ya kulambishwa tu. Asali inaweza kuwa na mbegu za bakteria ambazo tumbo la mtu mzima huzishinda, lakini tumboni mwa mtoto mchanga huota na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kupumulia. Dawa za kufunga tumbo si za watoto wadogo. Na dawa yoyote ya mtoto hupimwa kulingana na uzito wake, nayo simu haijui mtoto wako ana kilo ngapi. Kitunguu ndani ya soksi hakina madhara, isipokuwa harufu na saa zinazopotea. Lakini saa hizo ndizo zinazotutia hofu. Mtoto wa miezi 8 anayeharisha na kutapika anaweza kuishiwa maji mwilini kati ya saa tatu usiku na alfajiri.

Anachohitaji mtoto huyu ni ORS. Changanya pakiti na kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, maana ziko za nusu lita na ziko za lita 1. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe. Akitapika, ngoja dakika 10 kisha uendelee polepole. Endelea kumnyonyesha, tena mara nyingi kuliko kawaida. Mchanganyiko uliobaki baada ya saa 24 umwage, utengeneze mwingine. Kwenye zahanati atapewa pia vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14, na umalizie vyote hata kama kuhara kumekoma siku ya pili.

Lakini kuna dalili ambazo, ukiziona, hakuna tena la kuuliza kikundini. Mtoto hawezi kunyonya wala kunywa. Anatapika kila kitu. Amepata degedege. Amelegea, hataki kuamka, au hakutambui. Macho yameingia ndani, au hajakojoa kwa saa nyingi. Kinyesi kina damu. Mtoto huyo abebwe saa hiyo hiyo, iwe usiku iwe mvua, na mkiwa njiani endelea kumpa ORS kama anaweza kumeza. Kama unaishi sehemu zenye malaria, kwa mfano karibu na Ziwa Victoria au Pwani, mtoto mwenye homa apimwe damu. Hakuna mtu anayeweza kuitambua malaria kwa kusoma ulichoandika kwenye simu.

Huenda unajiuliza, mbona tunaamini haraka hivi? Sababu moja ni kwamba ujumbe hauji kutoka kwa mgeni. Unatumwa na shangazi, na mwenyekiti wa chama, na mke wa mchungaji. Tunamheshimu aliyeutuma, basi na ujumbe tunauheshimu, ingawa yeye mwenyewe hakuuandika. Alipata kwa mwenzake, ambaye naye alipata kwa mwenzake. Sauti iliyorekodiwa ina nguvu zaidi, kwa sababu inasikika kama mama mzee anayekuonya kwa upendo. Siku hizi hata uso na sauti ya daktari vinaweza kutengenezwa kwa kompyuta, kwa hiyo koti jeupe peke yake si ushahidi.

Mfano mkubwa ni chanjo. Mwaka wa 1998 daktari mmoja wa London, Andrew Wakefield, aliandika pamoja na wenzake katika jarida la kitabibu la Lancet kuhusu watoto 12 tu, akadokeza kwamba chanjo ya ukambi inayotolewa pamoja na ya matumbwitumbwi na rubela huenda inahusiana na usonji. Watafiti wa nchi nyingi wakachunguza watoto wengi mno, hawakuona uhusiano wowote. Mwaka wa 2010 jarida likaifuta makala hiyo, na daktari huyo akaondolewa kwenye orodha ya madaktari wa Uingereza. Jambo liliisha huko, lakini kwenye simu halijaisha. Bado linazunguka, limevaa nguo mpya, limetiwa picha ya mtoto mwingine. Mama anayelipokea Kakamega leo haambiwi kwamba ni habari ya 1998 iliyokwisha kukanushwa.

Hapa kwetu, chanjo ya HPV inayowakinga wasichana na saratani ya mlango wa kizazi ilipoanzishwa Oktoba 2019, ujumbe wa kusema itawafanya tasa ulifika nyumbani kabla ya muuguzi kufika shuleni. Chanjo hiyo ilikuwa imetumika katika nchi nyingine tangu 2006, na haisababishi utasa. Julai 2025, serikali ilipofanya kampeni ya chanjo ya homa ya matumbo na ya ukambi na rubela, uvumi ulizuka tena, na wako wazazi waliowaficha watoto. Ukambi huenea kwa hewa, kwa kukohoa na kupiga chafya, na unaweza kumletea mtoto nimonia, upofu au kifo. Kama mtoto wako alikosa chanjo ya miezi 9 au ya miezi 18, chukua kitabu chake cha kliniki uende. Muuguzi hatakufukuza kwa sababu umechelewa.

Kuna jambo jingine la simu ambalo halina uvumi ndani yake, nalo ni picha. Mama aliyejifungua juzi anafungua Facebook, anaona mtoto wa mwenzake mnene, mashavu yamejaa, amevalishwa kofia ya sufi. Anamtazama wake, anaona kama amekonda. Usiku huo anaamua maziwa yake hayatoshi, na kesho anatafuta maziwa ya kopo. Mama, maziwa hayapimwi kwa picha ya mtoto wa mwingine. Mtoto anayenyonya vizuri, akishapita siku chache za mwanzo, hukojoa mara 6 au zaidi kwa saa 24, na mstari wake kwenye chati ya kliniki unapanda. Hayo mawili yakiwapo, maziwa yanatosha, na hadi miezi 6 hahitaji kingine, hata maji.

Sasa, utaujuaje ujumbe wa kutiliwa shaka? Kwenye WhatsApp, tazama juu ya ujumbe. Ukiona mishale miwili pamoja, maana yake umepita mikono mingi kabla ya kukufikia. Tangu Aprili 2020, ujumbe wa namna hiyo unaweza kuupeleka mbele kwa mtu mmoja au kikundi kimoja tu kwa wakati mmoja, maana wenye WhatsApp waliona uvumi wa korona unavyokimbia. Mishale hiyo haisemi kwamba ujumbe ni wa uongo. Inakuambia tu kwamba anayekutumia siye aliyeuandika. Kisha angalia kama una tarehe, kama unataja hospitali gani na daktari gani, au unasema tu "daktari mmoja mkubwa". Ukikuhimiza utume kwa watu 10 kabla ya saa sita usiku, hapo hakuna la kufikiria tena. Dawa ya kweli haina haraka ya kutumwa.

Kuna akina mama wanaosema, "Najua si kweli, lakini nitamjibuje mama mkwe mbele ya watu?" Hilo ni swali la haki, na tusilipuuze. Kumsahihisha mkubwa kikundini, watu 40 wakisoma, ni kumvunjia heshima, na hata ukishinda hoja hatakusikiliza tena. Mwandikie yeye peke yake, au bora umpigie. Unaweza kusema hivi: "Shikamoo mama. Asante kwa kutujali, nimeona ujumbe wako. Nilimuuliza nesi wa kliniki kuhusu asali, akanieleza ni hatari kwa aliye chini ya mwaka mmoja. Nikaona nikuambie wewe kwanza, maana wewe ndiye wanayekusikiliza." Mara nyingi ataandika yeye mwenyewe kikundini, na neno lake litakuwa na uzito kuliko lako. Ikiwezekana, siku ya kliniki nenda naye. Nyanya aliyemsikia muuguzi kwa masikio yake hahitaji tena kubishana na simu.

Wala hatusemi uitupe simu. Itumie kwa yale inayoyaweza. Weka ndani yake namba ya zahanati, ya mhudumu wa afya wa mtaa au kijiji chenu, na ya mtu wa bodaboda anayekubali kutoka usiku. Wahudumu hao wa jamii, kiasi cha 100,000 nchini, walipewa vifaa mwaka wa 2023, na wanatembelea nyumba. Mjue wako kwa jina kabla mtoto hajaugua.

Simu pia ina saa. Mtoto akikohoa na kupumua kwa shida, subiri atulie, mfunue kifua, uhesabu pumzi zake kwa dakika 1 nzima ukitazama saa ya simu. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni nyingi mno. Wa miezi 2 hadi 11, ni 50 au zaidi. Wa mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Hiyo huweza kuwa nimonia, na mtoto apelekwe hospitali bila kungoja. Kifua kikibonyea ndani kila anapovuta pumzi, usipoteze wakati kuhesabu, mpeleke.

Na ikiwa wewe ndiye uliyetuma ujumbe usiofaa, usione haya. Ukiwahi, bonyeza juu yake uufute kwa wote. Ukiwa umechelewa, andika pale pale kikundini mstari mmoja: "Ule ujumbe wa soda na chumvi msiutumie, nimeuliza zahanati, mtoto apewe ORS na anyonyeshwe." Walioupeleka mbele watajua la kuwaambia wenzao.

Wiki ijayo, wakati kama huu, tutazungumza juu ya chakula cha mtoto anayepona baada ya kuhara. Uwe na kalamu karibu.